Nyakoi haipigi hodi: mtabiri aseme nini dalili zikiwa haba?

Nyakoi, ile nguzo ya upepo unaozunguka juu ya maji, ikisimama kwenye Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, simu za Kisumu hujaa video kabla haijakatika. Kisha huja swali lile lile, nusu mshangao nusu lawama: mbona watu wa hali ya hewa hawakusema? Nimelisikia Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, mara nyingi, na majibu yake huwa mawili. Wa bichi husema wataalamu wamelala. Anayewatetea wataalamu husema kitu kama kile hakitabiriki, na mazungumzo yanaishia hapo. Majibu yote mawili hayaniridhishi.

Kwanza jina, maana hapa Kiswahili chetu kinatuchanganya. Kimbunga ni kile cha baharini, kama Hidaya ya Mei 2024, kinachofuatiliwa kwa setilaiti siku nzima nzima kabla hakijagusa pwani. Tornado nayo tunaiita kimbunga, ilhali upana wake ni makumi au mamia ya mita na uhai wake mara nyingi ni dakika tu. Anayeambiwa kwamba vyote viwili ni "vimbunga" ana haki ya kushangaa kwa nini kimoja kilijulikana mapema na kingine hakikujulikana. Hapa nitasema kisulisuli kwa kile kinachoning'inia kutoka mawinguni hadi ardhini, na nyakoi kwa ndugu yake wa majini. (Lile bomba jeupe, kwa njia, si ziwa linalofyonzwa. Sehemu kubwa yake ni mvuke uliogeuka matone, kama wingu lenyewe.)

Mtabiri popote duniani huanza kwa kuuliza hewa ina nishati kiasi gani ya kupanda. Hupimwa kwa jouli kwa kila kilo ya hewa. Ikipita 2,000, mtabiri hukaa macho. Ikiwa chini ya 500, mazoea humwambia kwamba siku itapita salama. Mazoea hayo yamewaumbua watu wengi. Tarehe 23 Novemba 1981 Uingereza ilipata visulisuli takriban 100 kwa siku moja, kwenye ukingo wa hewa baridi, katika majira ambayo hakuna joto la kusimulia. Kusini-mashariki mwa Marekani jambo hilo hujirudia usiku wa miezi ya baridi: nishati haba, lakini upepo unabadilika kasi na mwelekeo mno kadiri unavyopanda juu. Mawingu yake ni mafupi, mizunguko yake ni midogo na hufa haraka, na mara nyingine nishati yenyewe huongezeka katika saa chache za mwisho, wakati utabiri wa asubuhi umeshasomwa na kusahauliwa.

Kwetu karibu na ikweta upepo wa juu kwa kawaida ni mpole, hivyo nyakoi hupita njia nyingine. Upepo wa ziwani ukikutana na upepo wa nchi kavu, au na hewa baridi inayoteremka kutoka kwenye mvua ya upande wa vilima vya Nandi, kwenye mstari wa kukutania huzaliwa vizunguko vidogo visivyo na madhara. Wingu changa likipanda juu ya kimoja, hukivuta na kukirefusha, nacho huongeza kasi kama maji ya sinki yanavyoongeza kasi yakikaribia tundu. Haihitajiki nishati kubwa ya anga nzima; inatosha iliyo karibu na maji. Na ziwa letu hubaki na joto la nyuzi 25 hivi hata usiku, hewa ya juu yake ikiwa imepoa. Kwa hiyo ile tarakimu moja ya nishati yaweza kuwa ndogo na isikuambie lolote la maana.

Wapo wanaodai Kisumu haiwezi kupata kisulisuli kwa kuwa iko kwenye ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia hausukumi upepo kando. Hoja hiyo inafaa kwa Hidaya. Kizunguko cha mita 50 hakina habari nayo.

Sasa tazama vifaa. Puto la kupima anga hurushwa Dagoretti, Nairobi, ng'ambo ya Bonde la Ufa na zaidi ya kilomita 250 kutoka hapa. Linalosema kuhusu hewa ya Winam ni kidogo. Kompyuta iliyotumiwa kwa ukanda wa ziwa hili iligawa nchi kwa miraba ya kilomita 4.4, na nyakoi mia moja zingeenea ndani ya mraba mmoja bila kuonekana. Kuna rada Mwanza, ng'ambo ya kusini ya ziwa, lakini dunia imepinda: mwali wa rada ulioinuliwa nusu nyuzi tu huwa umefika kimo cha kilomita 1.5 hivi ukiwa umbali wa kilomita 100, na Mwanza hadi Kisumu ni zaidi ya 300. Asemaye wataalamu wamelala anieleze kwanza wangeiona kwa jicho gani.

Hata hivyo siwezi kuwaunga mkono wanaosema basi tunyamaze. Dhoruba za ziwa hili zina tabia inayofahamika: mchana hupiga nchi kavu, usiku huhamia majini. Utafiti uliochapishwa 2016 na mwaka uliofuata ulionyesha kwamba ukitazama kwa setilaiti dhoruba za alasiri pembezoni mwa ziwa, unaweza kukisia vyema usiku utakuwaje majini. Mradi wa HIGHWAY, wa kuboresha tahadhari za hali ya hewa ziwani, ulioanza 2017 nao ulisaidia utabiri wa wavuvi kugawanywa kwa maeneo na kwa saa. Kutoijua nyakoi yenyewe si sawa na kutoujua usiku unaoweza kuizaa.

Lakini wanaotaka kunyamaza nao wana hoja nzito kuliko watetezi wa tahadhari wanavyokubali. Marekani, pamoja na rada zake zote, maonyo ya kisulisuli takriban saba kati ya kumi hayafuatiwi na kisulisuli. Kwetu kosa kama hilo lina bei yake. Omena, dagaa wa ziwa hili, huvuliwa kwa taa, na taa hufaa pale mwezi usipokuwepo. Kwa hiyo mvuvi ana usiku wa giza wa kuhesabu kila mwezi, na usiku ndio ziwa hupenda kuchafuka. Ukimzuia mara tatu bure, ya nne hatakusikiliza, na sitamlaumu: mafuta yameshanunuliwa, na mwenye boti anangoja hesabu. Tena, mara nyingi kinachopindua boti ni upepo wa kawaida wa dhoruba pamoja na mawimbi. Nyakoi inapigwa picha kwa sababu inapendeza.

Hilo la mwisho ndilo lililonisogeza. Tangazo lisijaribu kuitaja nyakoi wala kisulisuli kama kwamba limeviona. Litaje saa, upande wa ghuba, na upepo unaotarajiwa kubadilika ghafla, kwa Dholuo na Kiswahili, kwa sauti, si kwa ramani yenye rangi. Asilimia sizipendi hapa: zikipita makundi mawili ya WhatsApp, "asilimia 20" hugeuka kuwa "watasema chochote." Na kwa kuwa wingu changa huweza kuteremsha nyakoi bila radi wala mvua ya kumshtua mtu, shahidi wa kwanza atakuwa aliye majini. Kamati za BMU, zinazosimamia fuo za wavuvi, zina simu na zinajua nani ametoka. Neno la boti moja likifika ufuoni kwa dakika tano, boti nyingine zitapata muda ambao rada ya Mwanza haiwezi kuzipa.

Na usiku ukipita bila kitu, tangazo la asubuhi liseme hivyo: tuliona dalili hii, haikutimia, na tunavyodhani sababu ni hii. La namna hiyo bado sijalisikia.