Acheni Kuukwangua Mwembe

Mvua zikianza tu, ushauri ule ule unarudi kwenye makundi ya wakulima. Picha ya shina la mwembe lenye madoa ya kijivu, halafu majibu yanamiminika: "Huo ni ugonjwa." "Kwangua kwa brashi ya waya." "Piga kopa, ile dawa ya ukungu yenye shaba." Hakuna anayeuliza swali la kwanza: kitu hicho kinakula nini?

Kinajilisha chenyewe. Hiyo ni likeni, na kamusi zetu zinaiita kuvumwani, kwa hiyo jina peke yake lilitosha kuwanyamazisha washauri: kuvu na mwani. Kuvu imejenga nyumba, ngozi ngumu juu na nyuzi zilizolegea katikati. Chini kidogo ya ngozi hiyo limetandazwa tabaka jembamba la seli za mwani, mara nyingi wa jenasi ya Trebouxia, zinazotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Sehemu kubwa ya chakula hicho inavuja ikiwa ribitoli, aina ya sukari-alkoholi, na kuvu inainyonya. Maji na madini vinatoka kwenye mvua na vumbi. Mti haumo kwenye hesabu hii. Umetoa mahali pa kukaa tu: nyuzi za kuvu zinashika gome la nje lililokwisha kufa, hazifiki kwenye njia zinazopitisha chakula cha mti.

Asiyeamini amwagie doa maji kidogo na asubiri dakika moja au mbili. Kijivu kitageuka kijani, kwa sababu ngozi ikilowa inapitisha mwanga na mwani unaonekana. Kisha abandue kipande na akwaruze gome chini yake taratibu kwa ncha ya kisu. Akikuta kijani kibichi chenye unyevu, mti hapo ni mzima.

"Mbona miti yenye likeni nyingi ndiyo inayokauka?" Kwa sababu mti uliochoka unapukutisha majani, jua linafika shinani, na gome linalokua polepole halibanduki upesi. Likeni imepata mwanga na utulivu, basi imekaa. Kuilaumu ni kumshitaki mpangaji kwa sababu paa linavuja.

Brashi ya waya sasa. Inachana gome hai na kufungua vidonda, na humo ndimo magonjwa ya kweli yanapoingilia. Kopa itaiua likeni, sawa, lakini mwanga bado upo, kwa hiyo itarudi. Shaba nayo inabaki kwenye udongo wako. Fedha hiyo nunua samadi. Chimbua kidogo uangalie mizizi: maji yanatuama? Udongo umeshindiliwa na mifugo? Mchwa? Kata matawi makavu baada ya mavuno, kisha weka madebe mawili au matatu ya samadi iliyooza vizuri, kwa duara chini ya ukingo wa matawi, si kwa kuilundika shinani.

Na wenye mikorosho, tafadhali: ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, unashambulia majani machanga na maua. Madoa ya shinani hayahusiki, salfa yenu iacheni kwa kazi yake.

Wale wanaoiita likeni "ndoa yenye furaha" nao wapunguze. Simon Schwendener, Mswisi aliyetangaza mwaka 1867 kwamba likeni ni viumbe viwili, aliifananisha kuvu na bwana na mwani na watumwa. Wataalamu wengi wa likeni wakamkataa. Mimi naona mkulima na shamba lake: mwani ukitengwa na kuvu, haukawii kuacha kuvujisha chakula kwa wingi vile.

Pwani hii iliwahi kuijua thamani ya likeni. Karne ya 19 malele, yaani likeni za kutengenezea rangi, yalisafirishwa kutoka Zanzibar kwenda Ulaya, yakasagwa, yakalowekwa kwenye amonia huku yakipata hewa, yakatoa rangi ya zambarau. Litmasi ya maabara za shule asili yake ni ukoo huo huo. Leo likeni tunainunulia sumu.

Haya, nikubali moja, ingawa sipendi. Kwenye kuta za zamani za chokaa na matumbawe likeni inaharibu kweli: asidi zake zinakula chokaa, nyuzi zinaingia kwenye nyufa. Huko isafishwe, kwa maji na brashi laini. Ya waya hata huko haitakiwi.