Minara inaelewana, mifumo ya bili haielewani

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa fundi wa mifumo katika kampuni moja ya simu hapa Dar es Salaam, nilipewa kusikiliza rekodi ya malalamiko. Mama mmoja alikuwa amenunua kifurushi cha intaneti cha saa 24, saa kumi jioni. Saa sita usiku kikakatika. "Mwanangu," alimwambia binti wa huduma kwa wateja, "toka saa kumi mpaka saa sita ni saa nane. Hizo nyingine mmezipeleka wapi?" Binti akaangalia skrini yake, akaona kifurushi kimeisha muda wake. Akamwomba radhi, lakini hakuwa na jibu la kumpa.

Ilituchukua siku mbili kulipata kosa. Kwenye programu ya simu ya mteja, muda wa kifurushi ulikuwa umeandikwa "24". Mfumo wa kutoza, ulionunuliwa kwa muuzaji mwingine, ulipokea "1" ukaelewa siku moja ya kalenda, yaani mpaka usiku wa manane. Katikati palikuwa na kiprogramu cha kutafsiri, kilichoandikwa na mtu aliyekwisha kuacha kazi, bila mstari hata mmoja wa maelezo. Kurekebisha kulihitaji kibali na malipo kwa muuzaji, na wiki tano zikapita. Wiki zote hizo watu waliendelea kukatiwa vifurushi walivyovilipia. Iliniuma, na bado inaniuma.

Sasa tazama upande wa pili wa kampuni hiyohiyo, upande wa minara. Laini uliyosajili Dar, ukishuka nayo Kigali inashika mtandao wa kule. Rekodi za matumizi yako zinarudi nyumbani katika muundo mmoja uitwao TAP, na kampuni mbili zinalipana hata kama wahandisi wao hawajawahi kusalimiana. Mnara uwe wa Ericsson, Huawei au Nokia, simu yako haina habari. Haya yana historia. Mwaka 1987 kampuni za simu za Ulaya zilitia saini mjini Copenhagen kwamba zitajenga mtandao wa aina moja, GSM, na mwaka 1991 ukaanza kutumika Ufini. Wauzaji wa mitambo walilazimika kufuata kiwango kwa sababu wanunuzi walikuwa wamekubaliana kwanza.

Kwenye mifumo ya biashara, yaani katalogi ya vifurushi, oda, salio na bili, wanunuzi hatujakubaliana kiasi hicho. Kila muuzaji anakuja na lugha yake, nasi tunaajiri wakalimani. Kubadili jina la kifurushi tu kunaweza kuanza kwa fomu ya maombi, kikafuata kikao, kisha ankara ya dola.

Na si kwamba viwango havipo. TM Forum, chama cha sekta kilichoanza mwaka 1988, kimeandika API za wazi, yaani kanuni za jinsi mfumo mmoja unavyozungumza na mwingine, kwa karibu kila kitu ninachokitaja hapa: TMF620 ya katalogi ya bidhaa, TMF622 ya oda, TMF654 ya salio la malipo ya kabla, TMF678 ya bili za wateja. Zimetolewa kwa leseni huria ya Apache 2.0, hivyo kijana yeyote anayejifunza kuandika programu anaweza kuzipakua leo akazisoma bure. Ndani ya TMF620, muda wa ofa una nafasi mbili: kiasi na kipimo. Huandiki "24" ukaishia hapo, unaandika 24, kisha saa. Hilo tu lingemwokoa yule mama.

Hapa lakini nina neno kwa wenzangu wanaosaini mikataba. "Mfumo wetu unafuata TMF" ni sentensi rahisi sana kuandikwa kwenye zabuni. Kiwango chenyewe kinaruhusu bidhaa kuongezewa sifa za ziada, kila mtu kwa majina yake, na lazima iwe hivyo, maana hakuna mtu huko ng'ambo aliyeketi akafikiria vifurushi vyetu vya usiku na vya wikiendi. Ila nimeona muuzaji akiiacha tupu ile nafasi ya muda, kisha muda akautia kwenye sifa ya ziada aliyoipa jina mwenyewe. Kwa nje anafuata kiwango. Kwa ndani umerudi kwa mkalimani. Kwa hiyo majina ya sifa hizo yawe mali ya kampuni ya simu, yatunzwe na mfanyakazi wake anayejulikana, na muuzaji asiongeze jina bila idhini yake.

Nimesikia pia mabosi wakiogopa neno "wazi", wakidhani data za wateja zitakuwa hadharani. Sivyo. Kilicho wazi ni kiwango, si data: aina ya kufuli inajulikana na kila fundi wa Kariakoo, na ufunguo unabaki mfukoni mwako.

Wanaosema jambo hili linaweza kusubiri, wakumbuke Aprili 2021. Vifurushi vipya vilitangazwa nchini chini ya kanuni mpya, bei zikawashtua wananchi, serikali ikaagiza bei za zamani zirudi. Wengi waliona habari ya bei. Mimi niliwafikiria waliokesha wakibadilisha katalogi, kisha wakakesha tena kuirudisha. Kifurushi kikiwa kimeandikwa mahali pamoja, kwa lugha moja, unabadilisha mara moja na mifumo mingine inasoma hapohapo. Kikiwa kimenakiliwa kwenye mifumo sita, unabadilisha mara sita, na ule mmoja utakaousahau ndio mteja atakaoukuta.

Ningekuwa kwenye kamati ya zabuni leo, nisingetosheka na cheti cha muuzaji kwamba anafuata kiwango. TM Forum hutoa vifaa vya majaribio vya kupima kama API inafuata kiwango. Ningetaka viendeshwe mbele yetu, kwenye seva zetu, kabla ya malipo ya mwisho, na jaribio la kwanza liwe kifurushi cha saa 24 kilichonunuliwa saa kumi jioni.