Sikujificha Chini ya Meza

Tuanze na hilo la meza, maana ndilo linalosambaa kwenye klipu, eti nilijificha nikalia. Sikujificha. Niliingia chini ya meza kutafuta waya. Na huyo anayewaambia kwamba nililia ni rafiki yangu tangu sekondari, aliyekuwa ameshika simu anarekodi badala ya kunisaidia. Kwa hiyo mjue habari zenu mnazichukua kwa mtu wa aina gani.

Nilialikwa siku ya vijana ya mtaa wangu wa zamani, nikaeleze nilivyoanza kutengeneza magemu. Laptopu yangu siku hizi bila chaja haiwaki, rafiki akaniazima lile dude lake la kuchezea, lenye taa za rangi kama bajaji ya harusi. Kazi zangu zote za zamani nikazihamishia humo kwa flashi. Zote. Sikuchagua.

Ukumbini, kiti cha mbele kabisa, kakaa Mwenyekiti wa mtaa. Ambaye ndiye aliyekuwa baba mwenye nyumba wangu. Ambaye nilihama kwake nikabakiza hela ya Luku. Mliowahi kupanga pale mnamfahamu, mzee wa watu hana ugomvi, ila akija kudai anakohoa mlangoni, "Ehem," halafu anasema "Sisemi mengi," halafu anasema mengi. Siku hiyo ndiye aliyefungua shughuli. Akakohoa. Akasema hasemi mengi. Maji ya chupa yakapata moto tukiwa tumeyashika.

Zamu yangu ikaanza vizuri, na hili kwenye klipu halimo. Nikawaonyesha gemu la daladala, ambalo abiria wanapanda kwa kupenya bodi kwa sababu mlango ulinishinda kuutengeneza. Vijana wakasema hata alfajiri kituoni ndivyo tunavyopanda. Nikawaonyesha bao, mashimo 32, kete 64, hatua zake mbili, namua na mtaji, zote zimo, isipokuwa kompyuta ikifika zamu yake inafikiri mpaka simu inaisha chaji. Mzee mmoja wa nyuma akasema kwenye baraza lao yupo mchezaji wa namna hiyo hiyo. Watu wanacheka, mimi natembeatembea mbele na maiki, najiona mtu.

Rafiki, ambaye ndiye alikuwa anabonyeza, akafungua faili linaloitwa MWISHO_KABISA_2.

Wadau, gemu hilo nililitengeneza nikiwa bado naishi kwa mzee, kipindi ninachodaiwa, kwa hasira. Wewe ni mpangaji umejifungia chumbani. Baba mwenye nyumba anakuja na kufuli. Uso wake niliukata kwenye picha ya Idi, na baraghashia yake, nikaubandika kwenye mwili wa zombi wa bure niliyemkuta duka la Unity, ile programu ya kutengenezea magemu. Sauti niliigiza mwenyewe usiku, nimejifunika blanketi. Anachosema mnakijua.

Hata hapo ingekuwa aibu ya kawaida. Sasa sikilizeni. Laptopu ya mtumba niliyokuwa nayo enzi hizo ilijikongoja kwenye fremu, yaani picha zinazochorwa kiooni, kama 20 kwa sekunde, nami nikaandika kwamba kila fremu mzee asogee hatua moja. Kasi hufungwa kwenye saa, haifungwi kwenye fremu. Hilo leo nawafundisha watu na wananilipa. Kwenye mashine ya rafiki, fremu ni mamia kwa sekunde.

(Mnaonitumia stika, mheshimuni kwanza Tomohiro Nishikado. Kwenye gemu lake la Space Invaders, 1978, ukiwapunguza wale wavamizi waliobaki wanazidi kukimbia, kwa sababu mashine imebakiwa na wachache wa kuchora. Aliona, akaacha hivyo hivyo, ikawa ndiyo raha yenyewe ya gemu. Mjapani anasifiwa, mimi nafanywa stika.)

Kioo kikawa cheusi. Kikatokea chumba. Godoro, ndoo, feni mbovu. Kisha kutoka nje ya mlango: "Ehem."

Ukumbi ukanyamaza. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa.

Mzee wa kwenye gemu akaingia. Hakutembea, alifyatuka. Akagonga ukuta wa kushoto, akagonga wa kulia, akapita juu ya godoro, kufuli mkononi, baraghashia haitikisiki. Maneno nayo niliyapanga kwa fremu, hivyo yakawa yanakanyagana, "Sisemi me-sisemi-sise-sise-se-se-se," kwenye spika za kukodi, zile za kigodoro. Mama mmoja akauliza, kwa upole kabisa, "Jamani, si Mwenyekiti huyu?"

Nikabonyeza Esc.

Amri ya kutoka sikuwahi kuiweka kwenye gemu lile. Esc niliipa kazi nyingine: kufungua mlango. Mlango ukafunguka, akaingia Mwenyekiti wa pili. Nikabonyeza tena. Msiniulize kwa nini, vidole havikuwa vyangu. Akaingia mwingine, na mwingine, mpaka ukuta mzima umejaa Wenyeviti wenye makufuli, na wote hawasemi mengi.

Ndipo nikaingia chini ya meza. Nyaya kibao. Nikachagua mmoja mweusi, mnene, nikauvuta kwa imani.

Feni za ukumbi zikazima. Projekta ikabaki inawaka. Na mvumo wa feni ulipokata, sauti yangu ya blanketi ikasikika vizuri zaidi, mpaka pale mwishoni ninapojicheka mwenyewe.

Nikiwa huko chini nikaona makobazi. Makobazi yale nayajua, nimewahi kuyasikiliza yakipita koridoni huku nimezima taa na kubana pumzi.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Toka huko, kijana."

Nikatoka na vumbi la magotini. Mzee akawatazama wenzake ukutani, taratibu, mmoja mmoja. Akakohoa. Watu wakajiuma midomo.

"Sisemi mengi," akasema.

Ukumbi ukaanguka. Viti vikapigwa, watu wakashikana mabega, yule mama mpole akatoka nje kabisa. Mwenyekiti akasubiri, hata meno hakuonyesha.

"Nina swali moja. Huyo mpangaji, kitufe chake cha kulipa kiko wapi?"

"Hakuna, Mwenyekiti."

"Nilijua."

Yaliyobaki mmeyaona kwenye klipu. Hela ya Luku nilituma usiku ule ule, na ya kutolea juu. Laptopu nimeirudisha bila asante. Mnaouliza gemu linapatikana wapi, silitoi, ingawa kuna vijana walichomeka flashi zao wakati nahangaika na nyaya. Mmoja kaniandikia jana, anasema amefika hatua ya tatu amekwama, anaomba nimwelekeze.

Hatua ya pili sikuwahi kuitengeneza.