Mziba Matundu

Mimi nililelewa kwa methali moja tu: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nyingine sijui zilipita wapi. Basi nikakua mtu wa kuziba. Nikiona tundu, mkono unaniwasha.

Nilianza na kufuli la geti. Pale chini, kando ya tundu la ufunguo, kuna kijitundu kingine kisichoingia ufunguo wowote. Nikasema hawa wa kiwandani wamesahau kazi. Nikakiziba kwa nta, nikajipongeza. Mvua zilipokwisha, kufuli lilikuwa limeganda kwa kutu, tukalikata kwa msumeno. Kumbe kile ndicho cha kutolea maji, na ndipo pa kudondoshea mafuta. Mimi nimeyafungia maji ndani. Kwa kufuli!

Nikahamia kwenye kalamu. Ile Bic ya pembe sita, iliyoko madukani tangu 1950, ina kitobo ubavuni. Nikaona wino unakauka bure, nikapaka gundi. Ikagoma kuandika. Kumbe wino ukishuka, hewa lazima iingie nyuma yake. Nikabaki na kitobo cha kwenye kifuniko. Hicho nilikuwa nimeshakishikia gundi, binti yangu akanizuia: "Baba, hicho ni cha mtoto akimeza kifuniko kikamkwama kooni, apate pa kupitisha pumzi." Nikaweka gundi chini. Yaani kuna mtu alikaa mezani siku nzima akimfikiria mtoto asiyemjua, mimi nikamwita mzembe.

Ya kibodi siyasemi sana. Vile vinundu viwili kwenye F na J nilidhani ni uchafu, nikavikwangua kwa kisu. Binti anayeandika bila kutazama vidole sasa anaandika kama anayekanyaga gizani, na hanisemeshi.

Lakini lililonivunja ni futi kamba. Kile kibati cha kwenye ncha kilikuwa kinacheza, mbele nyuma, mbele nyuma. Mimi na kitu kinachocheza hatuelewani. Nikachukua nyundo nikazigonga zile ribiti mpaka kikatulia tuli. Kisha nikapima kabati kwa ndani, nikapima mbao, nikakata rafu nne kwa ufundi wa hali ya juu. Hakuna iliyobana. Jirani yangu seremala akaja, akashika futi yangu, akanisonya.

"Mzee, nani kakaza hiki?"

Nikanyamaza.

Akanieleza taratibu, kama anayempa mgonjwa habari. Ukining'iniza kibati kwenye ukingo wa ubao, kinavutika nje. Ukikisukuma ukutani, kinarudi ndani. Kinasogea kiasi cha unene wake tu, labda milimita moja, ili sifuri ibaki sifuri upande wowote. Mimi nilikaza kibati kisicheze, zikacheza rafu.

Tangu hapo nimekoma. Kikombe sikioshi kabla sijakitazama mkono wake umekaaje. Nikivaa suruali nasimama kukiangalia kile kimfuko kidogo ndani ya mfuko, kilichowekwa enzi za saa za mfukoni zenye mnyororo. Kazini nachelewa, lakini nachelewa nikiwa na heshima kwa vitu.

Sasa jana ndoo imeanza kuvuja. Mke wangu kasema, "Baba, ziba hilo tundu." Nimechuchumaa mbele ya ndoo nusu saa nzima, naigeuza, naichungulia, maji yananilowesha magoti. Nimemwambia asubiri kwanza. Huenda aliyeitengeneza alikuwa na sababu.