Huku ughaibuni hatuna nidhamu zaidi, tuna saa ya kumaliza

Sisi tulio ughaibuni tunapenda kuwasimanga walio nyumbani kwamba hawajali muda. Naona tunawaonea. Mtu aliyekuwa akichelewa kila kikao nyumbani akihamia huku huanza kuwahi upesi, kwa sababu treni haimsubiri na miadi aliyoikosa huenda akaipata tena baada ya wiki kadhaa. Na kila miadi ina saa mbili: ya kuanza na ya kumaliza. Hiyo ya pili ndiyo inayokosekana nyumbani. "Tukutane saa nne," basi, na siku imekwisha. Mwandishi Mwingereza C. Northcote Parkinson aliliandika jambo hili mwaka 1955: kazi hutanuka mpaka ijaze muda iliopewa.

Kwa hiyo la kuiga kwanza ni hilo. Mkutano, simu ndefu, kusoma, hata kupanga nyaraka: viandikie mwisho kabla hujaanza.

Kabla ya kununua shajara mpya, fuatilia muda wako siku tano. Kila nusu saa andika neno moja au mawili: ulikuwa ukifanya nini. Andika papo hapo, maana ukingoja jioni utaandika siku uliyotamani kuwa nayo. Kando ya kila kazi weka muda uliokadiria na muda iliochukua. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba binadamu hukadiria kazi zake kwa matumaini, hata akijua za nyuma zilichelewa. Dawa yake ni hesabu: kama kazi za saa mbili zinakuchukua tatu, zidisha makadirio yako yote kwa moja na nusu.

Sasa pale wengi wanapokosea. Wanachukua ratiba ya huku, imejaa kuanzia asubuhi hadi jioni, wanaipeleka nyumbani. Huku inasimama kwa sababu ni nadra mtu kubisha hodi bila taarifa. Nyumbani itavunjika kabla ya saa sita mchana, halafu mwenyewe aseme kupanga hakumfai. Katika siku ya kazi ya saa nane, panga saa tano tu. Tatu zilizobaki ni za foleni, umeme, wageni na simu zisizokwepeka. Kwa kweli hata huku ningeshauri hivyo. Ratiba zetu zilizobanwa hutufanya tupange kumwona rafiki wiki tatu mbele, na hilo silioni kuwa ustaarabu.

Kazi nzito iwe ya kwanza, dakika 60 hadi 90, simu ikiwa chumba kingine. Kuizima sauti tu na kuiacha mezani hakutoshi, jicho litaifuata. Mbinu ya Pomodoro, aliyoibuni Mwitaliano Francesco Cirillo, ya dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika inafaa kazi za kuchosha, kama kujibu barua au kujaza fomu. Kwa kuandika au mahesabu naiona fupi mno, kengele inalia akili ikiwa ndiyo kwanza imekolea. Ukilazimika kuinuka katikati, acha mstari mmoja: nimeishia hapa, kinachofuata ni hiki. Utaokoa muda mwingi wa kutafuta ulipokuwa.

Wanaofanya kazi na pande zote mbili wana mtego mwingine. Ulaya hubadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Sehemu kubwa ya Marekani hubadili Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Nyumbani saa haibadiliki, kwa hiyo kikao kilekile kinasogea saa nzima bila mtu kukigusa. Kiandikeni kwa saa za nyumbani, kalenda ya huku ijirekebishe yenyewe.

Mwisho wa juma tenga dakika 20 uangalie wiki ijayo. Mambo makubwa yasizidi matatu. Yakizidi, chagua la kuahirisha siku hiyohiyo, umwarifu mwenye nalo kabla hajauliza.