Nimekula Kitumbua cha Mtoto wa Watu, Sasa Nipeni Nafasi Niseme

Naona ile voisi ishafika mpaka Mtwapa. Jana pale steji ya Buxton nimekutana na mama simjui, hanijui, akaniangalia mdomo kwanza ndo akaniamkia. Basi sina budi, wacha niseme mwenyewe. Shoga yangu alorusha ile voisi, jina silitaji, anajijua na saa hii anasoma hapa kajiziba mdomo na leso, amewaambia mambo matatu: nilimnyang'anya mtoto chakula, nikakila, na nilifanya hivo kwa njaa manake kwangu nyumbani hakuliwi kitu. Mawili ya kwanza ni kweli. Hilo la tatu ndo linalonichoma mpaka sasa.

Mnaonifuata zamani mwajua habari ya mwanangu na siliaki, ule ugonjwa wa kutopatana na ngano, wageni nawapa kwa mkato. Mtoto tumbo limemjaa, mikono myembamba, damu kila ikipimwa iko chini, anaharisha haishi, hakui, na kila mtu ana lake la kusema. Wa minyoo akasema minyoo, tukampa dawa ya minyoo. Wa jicho akasema jicho, akasomewa. Mavyaa wangu akasema ni maziwa ya pakiti. Mpaka tukampata daktari mmoja akampima damu, tena akatuonya tusije tukamkatiza ngano kabla ya kipimo cha pili, aendelee kula vilevile, la sivyo majibu yatadanganya. Kipimo chenyewe ni kamera inapitishwa kooni mpaka kwenye utumbo, wananyofoa vipande vidogo vidogo wanakwenda kuviangalia. Majibu yakarudi ni siliaki. Yaani mwili ukikutana na gluteni, ile iliyoko kwenye ngano na shayiri na nafaka moja ya Ulaya iitwayo rai, unageuka kuupiga utumbo wake wenyewe. Nikauliza, dawa yake ni nini daktari? Akasema dawa ni kutokula. Mpaka lini? Maisha.

Sasa wewe mwambie mtu wa Mombasa asile ngano. Asubuhi mahamri na mbaazi, jioni viazi vya karai, na ule unga wa manjano unaovikwa kiazi ni ngano vilevile, sambusa manda yake ngano, tambi ngano, kaimati ngano, chapati sina haja ya kusema. Mpaka soya sosi kumbe yatiwa ngano, mimi nilijua ni maji meusi tu ya chumvi. Na usidhani ni kumkataza akae mbali na mkate halafu mambo yaishe, chembe ndo zenyewe. Hata hivyo vyakula vya madukani vilivyoandikwa havina gluteni, kiwango cha kimataifa ni isizidi miligramu 20 kwa kilo nzima, wewe hesabu mwenyewe hiyo ni chembe gani ya mkate. Bhajia za dengu hazina tatizo, lakini zikikaangwa kwenye mafuta yalotoka sambusa ushaharibu. Nikatoa ubao wa kusukumia, nikatoa chungio, nikatoa vikaangio vyote vya zamani nikampa jirani, nikapiga marufuku ngano nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo.

Lakini tusikufuru. Wali upo, wali wa nazi upo, vibibi, mkate wa kumimina wa mchele, muhogo, sima, samaki wa kupaka. Wazee wetu walipika mchele kila namna sijui walijua. Ile mikate maalumu ya supamaketi za Nyali nilinunua mara moja, bei yake ukiisikia unatafuta kiti, na mkate wenyewe ukiuuma unarudi ulivyokuwa. Hatulali njaa kwangu. Bwanangu peke yake ndo mtihani, anatoka alfajiri ati yuaenda kuswali, anarudi kanzu inanukia iliki. Nikawa namkagua kifuani kama kuna chembe. Hilo mliweke akilini, litarudi kuniumiza.

Haya. Siku ya hina ya binti wa ami yangu, Kibokoni, alasiri, nyumba imejaa. Simu zote zimekusanywa mlangoni kwenye kikapu manake watu wako vichwa wazi, na hilo ndo jambo pekee nililobahatika siku ile, hakuna video, kuna voisi tu, na voisi yaweza kukanwa. Upande wa bwana harusi wamekuja na begi, vigelegele, wamekalishwa pale kwenye feni. Mwanangu nimemwekea hotpoti yake ya vibibi, nimemwambia mbele ya mashahidi, usiguse kitu ila kilichomo humu. Akaitika. Mtoto mtiifu sana yule, na laiti ningemwamini.

Jambo jingine la kujua ni gauni. Idi hii nusu ya watoto wa kike wa mji huu walivaa gauni moja, lile la manjano la mabawa ya neti mabegani, lilimwagwa Biashara Street kila duka. Mwanangu alikuwa nalo.

Mkono wangu wa kulia uko kwa dada wa hina. Ashamaliza kiganja, yuko kwenye vidole, hina mbichi, nzito, inanukia ndimu na mafuta ya mkaratusi. Kaniambia dadangu usitikisike nakutilia maua. Mimi nimetulia, natafuta maneno ya kumjibu mama mmoja anayeniuliza mtoto atapona lini, nikainua macho hivi, na ng'ambo ya chumba karibu na masinia nikaona mgongo. Manjano. Mabawa. Vishungi viwili na utepe mweupe. Na mkono mdogo umeshika kitu cha kahawia, unapanda kuelekea mdomoni.

Nikajua ni hamri. Wallahi nililiona hamri. (Baadaye shoga yangu kanikumbusha kwamba hamri lina pembe na kile kitu kilikuwa kimeviringana, mwenye macho angeona. Ahsante sana.)

Kupiga kelele kungetosha. Sikupiga kelele, niliruka. Nikaruka miguu ya mama wa kwanza, nikaruka ya wa pili aliyekuwa na hina mpaka magotini, nikagonga chupa ya chai ikabingirika, na kina mama wote wameinua mikono juu kama walioshikwa na polisi, manake kila mtu ana hina mbichi hakuna wa kunizuia. Nyuma yangu nikamsikia dada wa hina, "Weee, maua!" Mkeka ukateleza na mimi nikateleza nao, nikafika kwa magoti, nadhani hata mpira wa miguu hawafiki hivo. Mkono wa kushoto nikashika paji la uso, wa kulia nikabana mashavu. Mliolea mwajua kuna ufundi wake: kidole gumba shavu hili, cha pili shavu lile, unabana mdomo unafunguka, cha katikati kinaingia kinazoa. Nikazoa. Nikakitoa chote, na kipande kilichobaki mkononi mwake nikakipokonya pia.

Mtoto akageuka.

Macho si ya mwanangu. Pua si ya mwanangu. Meno mawili ya mbele hana, na mwanangu meno anayo yote. Mtoto huyu sijawahi kumwona tangu nizaliwe. Kwenye mashavu yake pana alama za vidole vyangu, hina nzito, kushoto na kulia. Na taarabu ilikuwa inalia kwenye spika, sijui nani aliizima, maadui hawakosi.

Mliokuwa mnapika nendeni mzime jiko. Nimepiga magoti katikati ya chumba, mkononi nina kitu kilichotafunwa nusu, chumba kizima kinanitazama, upande wa bwana harusi uko mbele kabisa. Njia nilikuwa nazo. Ningekirudisha kwenye sinia, ningekifunga kwa leso, ningekitupa dirishani. Mkono haukuniuliza. Kina mama wenzangu mtaniombea, tangu nizae chochote kitokacho mdomoni mwa mtoto huingia mdomoni mwangu, muhindi uliotafunwa, kokwa la embe, mnofu wa samaki uliokataliwa, ni mazoea ya mkono, akili haishauriwi. Nikakitia mdomoni. Tena nikatafuna. Nikitazamana na mtoto machoni.

Kwanza ikaja ladha ya mchele. Halafu tui. Halafu iliki. Nikasema moyoni, hiki ni kitumbua. Kitu ambacho hata mwanangu mwenyewe anakila nyumbani kila Ijumaa. Halafu ikaja ile ladha nyingine, chungu, ya majani na udongo na mkaratusi, nikakumbuka mkono wangu una nini. Alhamdulillahi ilikuwa hina ya majani, si piko, ile nyeusi ya dawa.

Hapo mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi nikafungua mdomo, meno ya kijani, nikauliza chumba kizima, "Kina ngano?"

Na nitajitetea hapa hapa, manake swali lilikuwa la haki: wako wapishi hutia konzi ya unga wa ngano kwenye vitumbua ili vishikane, nimewaona, ndo mana vya nje simpi. Lakini haki yangu haikusikika kwa sababu mtoto alianza kulia. Na kutoka dirishani, hotpoti mapajani, kibibi mkononi, mwanangu akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Mama, mie niko huku."

Kimya. Ndipo shoga yangu, huyu huyu wa voisi, akasema kwa sauti aliyodhani ni ndogo, "Maskini, ana njaa."

Mama wa bwana harusi, mtu mzima, mstaarabu, kitambaa cha hariri kichwani, hakuniuliza kitu. Alinitazama kwa huruma ambayo sijawahi kutazamwa nayo, akamgeukia mkwewe akasema, "Mpeni na sambusa." Wallahi heri angenitukana. Sahani ikaja, sambusa nne na kipande cha ndimu, ikawekwa mbele ya magoti yangu. Nikasema Mama niwie radhi, mimi sili ngano. Akasema, "Kula mwanangu, hapa hakuna anayekutazama," na watu wote wananitazama. Nikakataa. Nikakataa tena. Mara ya tatu ile sambusa ilikuwa ya moto na nyama yake imetiwa kotmiri. Sina zaidi la kusema kuhusu sambusa.

Na kinachouma ni hiki, kwamba hata angekuwa ni mwanangu haikuwa lazima kuruka. Daktari alinieleza vizuri, siliaki si kama wale wanaovimba koo wakionja njugu, akikosea mara moja ataumwa tumbo, ataharisha, utumbo utaumia, ni vibaya, lakini hafi pale pale mkekani. Ningeweza kutembea. Ningeweza kumuita jina.

Yaliyofuata nayapitia mbio. Nilisukutua. Mtoto alioshwa lakini alilia muda mrefu hataki kuguswa, na hina si kitu cha kungojea, kwa hivyo amebaki na alama mbili za rangi ya chungwa, hafifu, mashavuni, na harusi ni Ijumaa. Mamake amejaribu ndimu, amejaribu poda. Nilitaka kulipa gauni wakakataa, wakasema mtoto wao ametiwa hina kabla ya bibi harusi ni baraka, wakacheka, wamecheka mpaka wanaondoka, nawasikia ngazini. Maua yangu yameharibika, kidole cha katikati hakina hata mstari. Nilipofika nyumbani bwanangu yuko barazani, habari imenitangulia, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane mtu yule alinikagua mimi kifuani. Akatoa chembe ya manda kwenye buibui langu, akainyanyua juu kwenye taa, akaiangalia. Hakusema neno. Asubuhi yake akaenda kuswali akarudi na mahamri kwenye gazeti, kala pale nje kwenye ngazi, mchana kweupe, na mimi sina mdomo wa kumwambia kitu.

Mavyaa wangu naye kapiga simu kuuliza kama nyumbani kuna unga au atume.

Ijumaa nitakwenda, msiulize, nimeshanunua na leso. Nitavaa miwani.

Sasa wale wa Majengo na Kisauni, nina shida ya kweli. Yule anayenisagia mchele nimegundua mashine ni moja, asubuhi anasaga ngano ya watu halafu anamwaga mchele wangu humo humo ati mashine imejisafisha. Nani anamjua wa mchele mtupu, hata kama ni mbali? Namba nitumieni pembeni, si kwa voisi tafadhali.