Mchumba Kugeuka Mjomba: Riwaya Inayosubiri Mwandishi

Mama wa kambo katili apumzishwe. Msomaji anamjua tangu ukurasa wa kwanza: atamnyima mtoto chakula, na sura ya mwisho atalia. Anayetaka kuandika riwaya nyepesi ya siku hizi, ya kuchekesha bila kumdhalilisha mtu, anao undugu mwingine ambao pwani nzima inaujua na waandishi wanaupita kando: undugu wa kunyonya, yaani ule unaotokana na mtoto kunyonyeshwa na mwanamke asiyemzaa.

Unafaa kwa sababu kanuni zake ni kali. Kurani, Suratun Nisaa, aya ya 23, inawataja mama aliyekunyonyesha na dada wa kunyonya miongoni mwa wasiooleka. Kwa madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi Zanzibar, Mombasa na Lamu, undugu huo unathibiti mtoto akinyonya mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili ya mwandamo. Mara moja huhesabiwa pale mtoto anapoliacha ziwa mwenyewe. Akihamishiwa ziwa la pili papo hapo, au akiachia kidogo kucheza kisha akarudi, bado ni ile ile moja. Wahanafi na Wamaliki, wa madhehebu mengine ya Kiislamu, hawana hesabu hiyo. Hata kidogo kinatosha.

Sasa iingize hesabu hii ndani ya nyumba, tuseme Ng'ambo, Unguja. Barua ya posa imejibiwa, mahari yameshatajwa. Bibi mzaa mama wa binti anamwona kijana, anauliza ni mtoto wa nani, kisha ananyamaza. Aliwahi kumnyonyesha, mama wa kijana alipolazwa, pamoja na kitinda mimba wake mwenyewe. Ikiwa ilifika mara tano, kijana ni mwanawe. Mama wa binti, aliyekuwa akiamkiwa kwa heshima zote za mkwe, ni dada yake. Na mchumba wake amwite mjomba.

Hapo mwandishi asiharakishe. Kijana anafika mlangoni, anavua viatu, anainua uso. Aseme "shikamoo mama" au "shikamoo dada"? Anasema "shikamoo", anaishia hapo. Mwenye nyumba anaitika "marahaba", naye anakwama: "mwanangu" halifai tena, "kaka" halijazoeleka mdomoni. Binti yuko nyuma ya pazia, anasikia ule ukimya. Kurasa tatu za namna hii zinachekesha kuliko mtu kuanguka ndani ya pipa la maji.

Kosa kubwa kuliko yote ni kufichua siri baada ya nikahi. Ndoa itabidi itenguliwe, na kama kuna mtoto hakuna atakayecheka tena. Siri itoke kipindi cha posa. Kosa la pili ni urithi: ndugu wa kunyonya harithi, kwa hiyo ukiwagombanisha kwa ajili ya nyumba ya marehemu, msomaji wa pwani atafunga kitabu. La tatu linasahaulika sana: marufuku hayawagusi ndugu zake huyo kijana ambao hawakunyonya. Mdogo wake anaweza kumposa binti yule yule! Usiitumie karata hiyo kabla ya katikati ya kitabu.

Bibi naye asifanywe mzee aliyepotewa na akili. Awe mwerevu kuliko wote, na shaka yake iwe na sababu: ilikuwa usiku, na jirani mmoja alikuwa akimsaidia kunyonyesha. Ushahidi unaotakiwa ni wanaume wawili, au mwanamume mmoja na wanawake wawili, au wanawake wanne. Basi familia iwatafute wanawake wanne waliokuwa nyumbani siku zile: mmoja amehamia Dar es Salaam, mwingine yuko Muscat anatuma ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa dakika tisa, na kila mmoja anakumbuka idadi yake. Kadhi anasema idadi ikiwa na shaka, ndoa haikatazwi. Bibi anasema mcha Mungu huliacha lenye shaka. Wote wawili wana hoja, na mvutano huo ndio unaobeba riwaya nzima.

Maneno 50,000 yanatosha, sura 20 za maneno kama 2,500 kila moja, na wahusika wenye majina wasizidi tisa. Kabla ya kuandika, chora jedwali la nani anamwita nani kabla ya siri kutoka na baada yake. Bila jedwali utachanganya kufikia sura ya sita, maana kila mtu amebadilisha cheo kwa mwenzake.

Kuhusu mwisho, napendelea hesabu itimie tano. Kuishusha hadi nne ili wapendanao waoane ni njia ya mkato, na inamnyang'anya kijana mama na dada aliowapata. Kama mjomba, ni maharimu wa binti, anaingia na kuketi naye bila pazia. Barua ya posa nyingine ikija, awe miongoni mwa wanaoisoma. Ila asimwozeshe yeye. Uwalii unabaki kwa baba wa binti na jamaa wa upande wa baba.